Mwili Usiotii na Tunda la Kiasi

Katika sura ya saba ya Injili ya Marko, Bwana Yesu anataja choo. Wahubiri wengi huipita sehemu hiyo upesi, na hatuwalaumu, maana si rahisi kusimama madhabahuni Jumapili asubuhi na kuanza kuzungumza habari za haja kubwa mbele ya wazee na wageni. Lakini neno liko pale. Mafarisayo walikuwa wamelalamika kwamba wanafunzi wanakula bila kunawa, na Bwana alipobaki na wanafunzi wake aliwafafanulia kwamba kile kinachopita tumboni na kuishia chooni hakimtii mtu unajisi, kwa kuwa hakikupita moyoni. Unajisi una chanzo kingine, naye akakitaja: wizi, uuaji, uzinzi, choyo, kiburi na mengine ya namna hiyo.

Tumezoea kuisoma habari hii kama habari ya vyakula. Tunaomba safari hii isomwe na ndugu zetu ambao choo ndicho kinachowafungia nyumbani.

Tunasema juu ya watu wazima walioshindwa kuzuia haja kubwa. Ni mama aliyechanika wakati wa kujifungua, mchaniko ukafika kwenye misuli ya njia ya haja, akashonwa haraka au hakushonwa vizuri. Ni baba aliyeishi na kisukari miaka mingi hadi mishipa ya fahamu ikafa ganzi. Yuko mzee wa kiharusi, yuko aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali, yuko aliyefanyiwa upasuaji wa bawasiri au wa saratani akapona kilichompeleka hospitali na kurudi na hili. Wako pia vijana waliozaliwa bila njia ya haja kubwa, wakafunguliwa kwa upasuaji wangali wachanga, na hadi leo hawana uhakika na miili yao. Hata daktari mara nyingi haambiwi. Mgonjwa husema, "Tumbo linanisumbua," au, "Naharisha," akapewa dawa ya kuhara, akaenda zake.

Katika usharika mtu huyo huonekana kwa kutoonekana. Kwanza anahama kiti, anakaa nyuma karibu na mlango. Kisha anaacha kwaya, anasema koo linamsumbua. Anafunga tangu Jumamosi mchana ili tumbo liwe tupu, na washarika wakijua kwamba hali wanadhani ana mzigo wa maombi. Baadaye haonekani kabisa. Mzee wa mtaa anaandika kwenye daftari kwamba ndugu fulani amepoa kiroho.

Swali letu katika insha hii ni hili: je, aibu anayoibeba ndugu huyo ni ya haki? Je, amepoteza kitu cha utu wake na cha imani yake, au amepoteza tu utii wa msuli?

Wengine watasema jibu ni rahisi, ni ugonjwa kama malaria. Hatudhani ni rahisi hivyo, na lugha yetu yenyewe inatuonyesha ugumu wake. Tunasema mtu amejizuia asijibu tusi. Tunasema kijana amejizuia na zinaa. Tunasema pia abiria amejizuia mpaka basi lilipofika stendi. Ni neno moja kwa yote matatu. Mtume Paulo anapowaandikia Wagalatia matunda ya Roho anamalizia na kiasi, yaani uwezo wa kujitawala, na mafundisho ya kanisa kwa karne nyingi yamelijenga jambo hilo juu ya picha ya mtu aliye bwana wa mwili wake. Zaidi ya hapo, kujizuia choo ndiyo adabu ya kwanza ambayo karibu kila mmoja wetu alifundishwa. Kabla mtoto hajajua kusema asante, kabla hajajua kusali, alipigiwa makofi na nyumba nzima siku aliyosema, "Mama, nataka choo." Basi mtu mzima anapochafuka njiani, kinachomwangukia si doa la nguo tu. Anahisi amerudishwa nyuma ya adabu ile ya kwanza, na kwamba yote aliyojengewa juu yake, heshima, cheo cha uzee wa kanisa, jina la baba au mama wa watu, hayana tena msingi.

Hisia hiyo ina babu mkubwa katika theolojia. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, alichokianza mwaka 413, kwamba mwili kutotii nia ya mtu ni adhabu inayofuata uasi wa mtu dhidi ya Mungu. Adamu alikataa kutii, na viungo vyake vikakataa kumtii yeye. Ndiyo maana, kwa hoja yake, mtu huona haya mwili unapojiendea wenyewe. Tuwe waaminifu kwake: alikuwa anazungumzia tamaa za mwili, hakuwa anazungumzia wagonjwa. Lakini picha ile imesafiri mbali kuliko alivyoituma, na wengi wanaohisi kwamba tumbo lisilotii ni alama ya laana wanatembea katika kivuli chake bila kumjua.

Jambo la ajabu ni kwamba katika kitabu cha kumi na nne, palepale anapojenga hoja hiyo, Augustino anataja watu wenye vipaji vya mwili vya kushangaza. Wako wanaotikisa masikio, tena moja moja. Wako wanaoiga sauti za ndege. Na wako, anasema askofu huyu mtakatifu bila kupepesa macho, wanaoweza kutoa sauti kwa nyuma wapendavyo, bila harufu, hata mtu akadhani wanaimba. (Hatujui shemasi gani alimletea habari hizo.) Yeye alizitaja ili kuonyesha kwamba inawezekana mwili ukatii nia kuliko tulivyozoea. Sisi tunaona zinaonyesha na jingine: kwamba utii wa mwili haugawanywi kwa kadiri ya utakatifu. Waliokuwa na kipaji kile hawakuwa watakatifu kuliko askofu.

Hebu tuangalie mwili wenyewe unafanyaje, maana wengi tumeishi nao miaka mingi bila kuuliza. Mwishoni mwa utumbo kuna misuli miwili ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani hatuuamrishi. Unabana wenyewe usiku na mchana, tukiwa macho au usingizini. Wa nje uko chini ya nia yetu. Kinyesi kinaposhuka na kuitanua puru, msuli wa ndani hulegea kidogo, na ile ngozi laini ya ndani, yenye hisia kali, inapima kilichofika: ni hewa, ni maji, au ni kigumu. Katika sekunde hizohizo msuli wa nje unatakiwa kubana mpaka pale mwenye mwili atakapoamua. Mchungaji hufanya hivyo katikati ya mahubiri wala hajui kwamba amefanya. Mtunga Zaburi alistaajabia jinsi alivyoumbwa. Hatudhani alikuwa anafikiria sehemu hiyo, ila angepata sababu.

Sasa, mambo hayo yakiharibika, ni nini kinachoweza kufanyika? Pakiwa na tundu, kama ilivyo kwa dada zetu wenye fistula inayotokana na uchungu wa muda mrefu, hakuna zoezi litakaloliziba. Hiyo ni kazi ya upasuaji. Daktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald, Wakristo waliofika Ethiopia mwaka 1959, walitumia maisha yao kwa kazi hiyo, na hapa kwetu hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza zinaifanya. Msuli uliokatika nao unaweza kuhitaji kushonwa upya. Lakini wako wengi ambao msuli upo, umedhoofika tu. Au msuli una nguvu, ila hisia imefifia na mtu hapati taarifa mapema. Au vyote viwili vipo lakini havifanyi kazi kwa pamoja, msuli unabana kinyesi kikiwa kimeshapita. Kwa watu hao kuna tiba ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita tiba ya mrejesho, na wataalamu huiita baiofidibaki.

Mwanzo wake ni wa kiasi. Mwaka 1948 daktari wa wanawake wa Los Angeles, Arnold Kegel, alieleza mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga kwa akina mama waliovuja mkojo baada ya kuzaa, pamoja na kifaa chenye mshale kilichomwonyesha mama ni kwa nguvu gani anabana. Mwaka 1974 Bernard Engel, aliyekuwa mwanasaikolojia, pamoja na madaktari Nikoomanesh na Schuster, wakifanya kazi Baltimore, waliandika katika jarida la madaktari la New England habari za wagonjwa wachache, hawakufika kumi, walioshindwa kabisa kuzuia choo. Waliwafundisha kubana msuli wa nje wakati uleule wa ndani unapolegea. Wengi wa wale wachache walipona, na mafunzo hayakuchukua vikao vingi.

Inafanyika hivi. Mgonjwa analala ubavu, amefunikwa shuka. Mpira mwembamba wenye puto dogo kwenye ncha unaingizwa katika puru, na puto linajazwa hewa kidogo kidogo. Mgonjwa anaambiwa aseme anapohisi kitu. Mwanzoni huenda asihisi mpaka puto limejaa sana. Wanapunguza hewa, wanarudia, wanapunguza tena, hadi anajifunza kusikia kidogo alichokuwa hakisikii. Wakati huohuo vipimo vya mbano vinaonekana kwenye skrini kama mstari. Akibana vizuri, mstari unapanda. Akikaza tumbo au makalio badala ya msuli unaotakiwa, kama wanavyofanya karibu wote mwanzoni, mtaalamu anaona na kumwelekeza. Kisha anarudi nyumbani na mazoezi ya kila siku, pamoja na maelekezo ya chakula na ya kukaa choo, na baada ya wiki moja au mbili anakuja tena.

Tunataka msomaji aone jambo moja hapa. Mashine ile haimtii mtu nguvu yoyote. Haipeleki umeme, haisukumi dawa. Inampa habari tu, ukweli juu ya mwili wake, wakati uleule anapouhitaji. Alikuwa akibana gizani, hajui kama anabana au habani, sasa anajua. Mwanakwaya yeyote anaelewa. Ukiimba peke yako bafuni huwezi kujua kwamba unashuka nusu sauti kila ubeti. Mwalimu akiinua kidole palepale unaposhuka, wiki ya tatu hushuki tena. Asingekuambia kwa mwaka mzima, kisha akakutoa kwenye kwaya, usingejifunza kitu isipokuwa uchungu.

Na mstari wa skrini haucheki. Hausimulii jirani. Hauna habari na cheo cha mtu wala na dhambi zake za mwaka juzi. Mama mmoja tunayemfahamu, muuguzi mstaafu aliyewahi kuwafundisha wagonjwa wa namna hii, alituambia kwamba wengi hulia katika kikao cha kwanza, na kwamba hawalii kwa maumivu. Ni kwa sababu mtu mwingine ameiona sehemu ile, ameitaja kwa jina, na uso wake haukubadilika.

Hapo ndipo tunapokuja kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwaka 2003 muuguzi wa Uingereza, Christine Norton, na wenzake wa hospitali ya St Mark's ya London, walichapisha utafiti wa wagonjwa 171. Waliwagawa kwa kura katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipata ushauri na maelekezo tu kutoka kwa muuguzi mtaalamu: chakula, dawa, namna ya kwenda choo, namna ya kuishi na tatizo. La pili liliongezewa mazoezi ya kubana. La tatu liliongezewa mashine ya mrejesho hospitalini. La nne lilipata na kifaa cha kutumia nyumbani. Ungetegemea mashine ishinde. Haikushinda. Kati ya waliopata ushauri peke yake, asilimia 54 walipata nafuu. Waliotumia mashine hospitalini, asilimia 53. Nafuu ile ilidumu hadi mwaka mmoja baadaye, na watafiti wenyewe waliona kwamba huenda kilichosaidia zaidi ni uhusiano wa mgonjwa na aliyemtibu, pamoja na kujifunza namna ya kukabiliana na hali.

Tusikimbilie kusema basi mashine ni upuuzi. Mwaka 2009 Steve Heymen na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walianza kwa kuwapa wagonjwa wote elimu na dawa, wakawaondoa wale waliopata nafuu kwa hayo peke yake, kisha wakawagawa 108 waliobaki. Waliofundishwa kwa mashine, asilimia 76 walisema wamepata nafuu ya kuridhisha baada ya miezi mitatu. Waliofanya mazoezi bila mashine, asilimia 41. Kwa hiyo kwa wale ambao ushauri peke yake haukuwatosha, mrejesho una kazi ya kweli. Tunaamini tafiti zote mbili, wala hatuoni kwamba zinapigana.

Lakini turudi London, kwa yule muuguzi na wagonjwa wake wa kundi la kwanza. Zaidi ya nusu walipata nafuu kwa sababu mtu mwenye ujuzi aliketi nao, akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza, akasikiliza jibu, akawaambia la kufanya, akawaita tena. Hilo ni jambo ambalo usharika wenye wauguzi na wakunga wawili watatu unaweza kulifanya kwa sehemu kubwa kabla hata mgonjwa hajapata nauli ya kwenda hospitali ya rufaa, na katika nchi ambako mashine hizi haziko katika kila hospitali, hiyo ni habari njema kwa maana ya kawaida kabisa ya maneno hayo. Ziko hatua nyepesi ambazo muuguzi yeyote anaweza kueleza: kutazama vyakula vinavyolegeza choo, kwenda choo kwa saa maalumu baada ya chakula wakati utumbo unapoamka wenyewe, kubana na kuachia kwa mpangilio kila siku, kutunza ngozi isichubuke.

Hapo tunamkumbuka Naamani. Jemadari wa Shamu alikuja na farasi na magari, akaambiwa na nabii, tena kwa mjumbe, akaoge mtoni mara saba. Akakasirika. Aliudhiwa na wepesi wa tiba: alitaka mkono upungwe juu ya ngozi yake. Watumishi wake ndio waliomwuliza, je, kama angeambiwa jambo kubwa asingelifanya? Tumewaona watu wakiudhika vivyo hivyo wakiambiwa wabane na kuachia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Na wako wanaosema kwa dhati kwamba mwenye imani anatakiwa kuombewa tu, mazoezi ni kujitegemea. Kwao tungejibu kwamba Paulo, aliyewaombea wengi wakapona, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakuona hitilafu ya tumbo kuwa jambo la kukemewa. Wala aliposema habari za wanariadha wanaojizuia katika yote hakufikiri kwamba zoezi ni adui wa neema. Tunda huota, ndiyo, lakini hatujaona mwembe unaozaa pasipo mtu aliyeupanda, au ndege aliyeiacha kokwa mahali pake.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo hatutalipita. Asilimia 76 si mia. Wako watakaobana na kuachia kwa uaminifu mwaka mzima na bado watachafuka. Mshipa wa fahamu uliokufa haurudi kwa bidii. Tukijenga heshima ya ndugu yetu juu ya matumaini kwamba tiba itafaulu, tumemrudisha chini ya sheria ileile, tumeisogeza tu siku ya hukumu. Lazima lipatikane la kumwambia yule asiyepona.

Lugha yetu inatusaidia hapa, maana inatofautisha haya na aibu. Haya humfanya mtu afunge mlango wa choo. Aibu humfanya asifungue tena mlango wa nyumba. Torati iliwaagiza Waisraeli wawe na kijiti cha kuchimbia, watoke nje ya kambi, wafukie, kwa kuwa Bwana hutembea katikati ya kambi. Hiyo ni haya, tena inapendeza kwamba Mungu mwenyewe alijali habari za choo kiasi cha kuziwekea amri. Mtu aliyeshindwa kujizuia hajapoteza haya. Tena anayo nyingi kuliko sisi: anabeba nguo ya akiba, anajua choo kiko wapi katika kila jengo la mji, ananawa mara kumi. Kama kiasi ni nia iliyonyooka ikiutawala mwili kwa kadiri mwili unavyotawalika, basi huyu anakitenda kila saa, na mwenye msuli mzima hana alilolifanya ila kuzaliwa nao. Waswahili wana methali juu ya kuku na bata ambayo hatutaiandika hapa kwa heshima ya kitabu, lakini kila msomaji anaijua, na inahusu haki zaidi kuliko choo.

Mtume aliwaambia Wakorintho kwamba viungo tunavyoviona havina heshima ndivyo tunavyovivika heshima zaidi. Mara nyingi hilo hufafanuliwa kama mfano wa wafagiaji na wapishi wa kanisa. Tunadhani Paulo alimaanisha kwanza kile alichokisema: viungo vya mwili ambavyo watu huvifunika. Alivijua, hakuviogopa, na alimwona Mungu kuwa ndiye aliyeupanga mwili hivyo.

Linabaki swali la kusema. Je, mgonjwa anapaswa kusema? "Mficha uchi hazai," walisema wazee, na kwa habari ya daktari na mkunga methali hiyo haina kipingamizi: aseme, aseme wazi, atumie neno lenyewe. Lakini makanisa yetu yanapenda ushuhuda, na tumesikia ikidaiwa kwamba uponyaji usiotangazwa hupotea. Wanaodai hivyo humtaja yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, aliyegusa vazi kwa siri, naye Bwana hakukubali aondoke kimya. Tunaisoma tofauti. Kwa sheria ya wakati ule mwanamke yule alikuwa najisi, na kila aliyemgusa alihesabiwa najisi. Mji mzima ulimjua hivyo. Angepona kwa siri, angebaki najisi machoni pao. Bwana alimwita mbele ya umati ili umati usikie akiitwa binti na kuruhusiwa kwenda kwa amani. Waliohitaji tangazo ni wao. Ndugu yetu wa leo hakuna anayejua habari zake. Kumdai asimame mbele ya watu aeleze ni kumvua nguo alizobaki nazo. Amwambie mmoja anayeaminika, na huyo mmoja akae nalo.

Na huyo mmoja aweza kufanya mengi bila kutaja jina la mtu. Katika sharika nyingi choo hufungwa ibada inapoanza, ufunguo ukakaa mfukoni mwa mhudumu aliyeketi mbele, na anayeuhitaji hupita katikati ya kanisa zima kwenda kuuomba. Ufunguo unaweza kutundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma. Ndoo ya maji, sabuni na chombo chenye mfuniko cha kutupia nepi vinaweza kuwekwa ndani ya choo kila Jumamosi jioni. Mzee wa mtaa, kabla hajaandika kwenye daftari kwamba mtu amepoa, anaweza kwenda kwake siku ya kazi, bila kundi, aulize habari za mwili kabla ya habari za roho. Na pale ibada inapozidi saa tatu, mchungaji anaweza kutangaza, kama jambo la kawaida, kwamba anayetaka kutoka atoke, na anayerudi apokelewe Meza ya Bwana hata kama wenzake wa safu yake wamekwisha kurudi kukaa.